Yenye taji au ya pembeni? Albamu kubwa zikiwekwa mbilimbili

Muulize mtu uanze na albamu ipi ya Michael Jackson, atakujibu Thriller kabla hujamaliza swali. Ya Stevie Wonder? Songs in the Key of Life. Ya Bob Marley? Exodus, au pengine atakutajia Legend, ambayo wala si albamu bali ni mkusanyo wa vibao uliotoka 1984, miaka mitatu baada ya mwenyewe kufariki. Majibu haya si mabaya. Ila karibu kila mwanamuziki wa kiwango hicho ana albamu moja iliyovikwa taji, na kando yake ipo nyingine ambayo mashabiki wake wa damu ndiyo wanayoisikiliza wakiwa peke yao. Nimeziweka mbilimbili, za msanii yuleyule, kwa sababu kumlinganisha Miles Davis na Beatles hakumsaidii mtu kuchagua chochote.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Yenye taji kwa kawaida imebeba mambo mengi zaidi, ya pembeni imekazwa zaidi. Kama wewe ni mtu wa kukaa na albamu kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuruka, mara nyingi nitakupeleka kwenye ile ya pembeni. Si kila mara, lakini. Zipo mbili hapa ambazo taji lao siwezi kuligusa.

Off the Wall (1979) na Thriller (1982)

Prodyuza ni mmoja, Quincy Jones. Mtunzi Rod Temperton, Mwingereza aliyetokea bendi ya Heatwave, yumo kwenye zote mbili, na ndiye aliyeandika nyimbo zilizozipa albamu hizo majina. Watu ni walewale. Kilichobadilika ni nia.

Off the Wall ilitoka Agosti 1979, Michael akiwa na miaka 20, na nia yake ni moja: inuka ucheze. Sikiliza inavyofunguka. Besi inatembea taratibu, kijana ananong'ona maneno kama mtu anayejisemesha mwenyewe, unangoja, unangoja, halafu anapiga ukelele na fidla na tarumbeta zinamwagika zote kwa pamoja. Kuanzia hapo upande A wote hauna pa kupumzikia: nyimbo nne mfululizo, zote za mwendo. Upande B unapoa kidogo, na katikati yake kuna I Can't Help It, wimbo ambao Stevie Wonder alishiriki kuutunga, na ambao kwangu ni mahali Michael alipoimba kwa ulaini kuliko popote pengine.

Thriller ina nia nyingine: isibaki nyumba hata moja. Wapenzi wa roki wakapewa gitaa la Eddie Van Halen ndani ya Beat It. Wapenzi wa sinema za kutisha wakapewa sauti ya Vincent Price. Wimbo wa kwanza unaishia kwa kiitikio kilichotoka moja kwa moja kwenye Soul Makossa ya Manu Dibango wa Kamerun, na Dibango ilibidi adai haki yake kisheria ndipo alipwe. Nyimbo ziko tisa, na saba kati yake zilitolewa kama singo. Usiku mmoja wa 1984 Michael aliondoka na Grammy nane, wakati Off the Wall ilikuwa imempa moja tu.

Billie Jean peke yake inatosha kuitetea Thriller. Inaanza na drams za Leon "Ndugu" Chancler, kavu, hazina pambo, kisha besi inaingia na kuzunguka palepale, kisha vinanda, na sauti ya Michael bado haijafika. Quincy Jones alitaka utangulizi huo ufupishwe, Michael akakataa kwa sababu ndio uliokuwa ukimfanya atake kucheza. Usikilize kwa hedifoni utajua nani alikuwa na haki.

Lakini nyimbo tatu tu kabla ya hapo, ukizitangulia Thriller na Beat It, umekaa The Girl Is Mine, Michael na Paul McCartney wa Beatles wakibishana kwa upole juu ya msichana, na joto lote lililokuwa limepanda linashuka. (Ajabu ya mambo, wimbo dhaifu kuliko yote kwenye Off the Wall, Girlfriend, nao una mkono wa Paul McCartney. Sina ugomvi naye, nataja tu.)

Ukipima wimbo kwa wimbo, Thriller inashinda. Hakuna kitu kwenye Off the Wall kinachofika ilipo Billie Jean. Ukipima albamu nzima, dakika arobaini na ushee za hali moja isiyokatika, Off the Wall. Anza nayo hiyo. Thriller unaijua hata kama hujawahi kuinunua.

Innervisions (1973) na Songs in the Key of Life (1976)

Kwanza uelewe Stevie Wonder alikuwa kwenye hali gani miaka hiyo. Innervisions ilichukua Grammy ya albamu ya mwaka. Iliyofuata, Fulfillingness' First Finale, nayo ikachukua. Mwaka 1976 akashinda Paul Simon, na jukwaani akamshukuru Stevie kwa kutotoa albamu mwaka huo. Kisha ikaja Songs in the Key of Life, ikachukua pia.

Songs ni santuri mbili kamili, na ndani yake ikatiwa sahani ndogo ya ziada yenye nyimbo nne. Jumla nyimbo 21, zaidi ya dakika 100. Kilele chake kiko juu sana: Sir Duke, aliyoiandika kumuenzi Duke Ellington, As, yenye kinanda cha Herbie Hancock, Pastime Paradise, ambayo kizazi kingine kiliijua kupitia rapa Coolio mwaka 1995. Kuna Ngiculela, inayoanza kwa Kizulu, ikaenda Kihispania, ikamalizikia Kiingereza, na inapita kwa wepesi kana kwamba lugha zote hizo ni moja. Lakini ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Black Man inazidi dakika nane, na sehemu yake ya mwisho ni maswali na majibu ya darasani yanayopigiwa kelele. Mara ya kwanza unasikiliza kwa heshima. Mara ya pili mkono unakwenda kwenye kitufe. Isn't She Lovely ni tamu, mtoto wake Aisha analia na kuchezea maji, lakini inazunguka zaidi ya dakika sita kwa wazo ambalo lilikwisha dakika ya tatu.

Innervisions ina nyimbo tisa, dakika 44, na sioni pa kukata. Sehemu kubwa ya vyombo anapiga Stevie mwenyewe. Kwenye Living for the City hakuna mwingine kabisa: drams ni zake, besi ya sinthesaiza ni yake, vinanda ni vyake. Katikati ya wimbo muziki unasogea nyuma na inaingia hadithi. Kijana ametoka Mississippi, anashuka basi New York, anashangaa maghorofa, mtu anamwomba amshikie kitu, polisi hawa hapa, hakimu anasema miaka kumi, mlango wa selo unagongwa. Yote hayo hayazidi dakika moja na nusu hivi. Halafu wimbo unarudi, ila sauti iliyorudi si ile iliyoondoka. Imekwaruza, ina hasira, inaimba mdundo uleule kama mtu ambaye ameshatumikia kifungo hicho. Sijui albamu nyingine ya miaka ile iliyofanya jambo kama hili bila kuonekana inahubiri.

Albamu ilitoka tarehe 3 Agosti 1973. Siku tatu baadaye gari alilokuwemo Stevie lilipata ajali na lori la magogo huko North Carolina, akapoteza fahamu kwa siku kadhaa. Higher Ground, wimbo unaozungumzia kupewa nafasi ya pili ya kuishi, ulikuwa tayari madukani.

Kwangu hapa hakuna mjadala: Innervisions kwanza. Songs ni ya mtu ambaye tayari anampenda Stevie na yuko tayari kumvumilia akirefusha. Ukimpelekea mgeni dakika 100 kwa mkupuo, atakuambia ni nzuri kisha hatairudia.

Revolver (1966) na Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band (1967)

Hizi mbili za Beatles nazipita haraka kwa kuwa dunia yenyewe imeanza kubadili mawazo. Jarida la Rolling Stone lilipotoa orodha yake ya albamu 500 mwaka 2003, Sgt. Pepper ilikaa namba moja. Orodha ilipotengenezwa upya 2020, ikawa ya 24, na Revolver ya 11.

Sgt. Pepper ina A Day in the Life, ambapo wanamuziki 40 wa okestra wanapanda kutoka noti ya chini hadi ya juu, kila mtu kwa njia yake, na mwishoni vinanda vinapigwa kodi moja (noti kadhaa kwa pamoja) inayochukua zaidi ya sekunde 40 kufifia. Hakuna kitu kikubwa kama hicho kwenye Revolver. Ila kufika hapo unapita kwenye nyimbo kadhaa ambazo mapambo yake ya gwaride yanazidi kile zinachosema.

Revolver ina nyimbo 14 kwa dakika kama 35, na kila moja inafungua mlango tofauti. Eleanor Rigby haina hata Beatle mmoja anayepiga chombo, ni vyombo nane tu vya nyuzi, fidla, viola na selo, vikali kama wembe. Tomorrow Never Knows inasimama juu ya kodi moja huku vipande vya kanda vikizungushwa juu yake kama ndege wanaolia. Ilirekodiwa Aprili 1966! Chagua Revolver. Sgt. Pepper isikilize baadaye, na ukiwa na haraka nenda wimbo wa mwisho.

Kind of Blue (1959) na Bitches Brew (1970)

Hapa taji limekaa panapostahili, na sitajifanya mjuaji kwa kulipinga.

Kind of Blue ilirekodiwa kwa siku mbili, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, kwenye studio ya Columbia ya 30th Street, New York, jengo lililokuwa kanisa. Miles Davis kwenye tarumbeta, John Coltrane na Cannonball Adderley kwenye saksafoni, Bill Evans kwenye piano (isipokuwa Freddie Freeloader, aliyoipiga Wynton Kelly), Paul Chambers besi, Jimmy Cobb drams. Vipande vitano tu.

Watu husema albamu hii ni nyepesi kwa anayeanza jazi, na ni kweli, ila sababu yake ni ya kiufundi. Jazi ya miaka ile ilikuwa inabadilisha kodi mbiombio, na mpigaji alilazimika kukimbizana nazo. Miles aliziondoa karibu zote. So What inakaa kwenye ngazi moja ya noti kwa vipimo 16, inapanda nusu hatua kwa vipimo vinane, inarudi ilipokuwa kwa vinane. Basi. Kwa hiyo kila mpigaji ana nafasi ya kutunga kitu kinachoimbika, na wewe msikilizaji una nafasi ya kumfuata. Besi inauliza, wapulizaji wanajibu kwa noti mbili. Besi inauliza tena. Kisha inafika pale Miles anapoanza kupiga peke yake: Jimmy Cobb anagonga toazi kwa nguvu, na mlio wake unaachwa uelee juu ya noti za kwanza za tarumbeta. Hiyo sekunde ndiyo ninayoingojea kila mara.

Bitches Brew ni upande mwingine wa mtu huyohuyo. Santuri mbili, dakika zaidi ya 90, piano za umeme zaidi ya moja kwa wakati mmoja, wapiga drams zaidi ya mmoja. Wimbo wenye jina la albamu una dakika 27 hivi. Prodyuza Teo Macero alizikata kanda na kuziunganisha upya, kiasi kwamba baadhi ya unayoyasikia hayakupigwa kwa mpangilio huo studio. Ni kazi ya kijasiri, na ukiwa umetokea kwenye muziki wa elektroniki au roki ndefu za gitaa, huenda ikakuingia haraka kuliko Kind of Blue. Kwa wengine wote ni msitu mnene. Ukitaka njia ya katikati kuna In a Silent Way ya 1969, vipande viwili, umeme upo lakini umepunguzwa moto.

Jambo moja kwa atakayenunua Kind of Blue. Mashine iliyorekodi kikao cha Machi ilikuwa inakwenda polepole kidogo, hivyo kanda ilipochezwa kwa mwendo wa kawaida, upande A wote ukasikika juu kidogo ya ulivyopigwa. Ikakaa hivyo zaidi ya miaka thelathini, hadi matoleo ya miaka ya 1990 yaliporekebisha. Santuri ya zamani ina thamani yake, ila kama lengo ni kusikia kilichopigwa chumbani, chukua toleo jipya.

Expensive Shit (1975) na Zombie (1976)

Albamu za Fela Kuti za kipindi hiki zina wimbo mmoja kila upande, kwa hiyo kulinganisha ni kazi ya nyimbo nne. Tony Allen yuko kwenye drams za zote mbili, na hapo tayari umeshapata faida.

Zombie inawacheka wanajeshi wanaotii amri bila kufikiri. Fela haanzi kuimba mpaka bendi imeshachemka dakika kadhaa, kisha anatoa amri za gwaride na waitikiaji wanamjibu. Inachekesha, inachoma. Imepewa uzito zaidi na yaliyofuata: Februari 1977 wanajeshi walivamia makazi yake ya Kalakuta huko Lagos, wakayachoma, wakamrusha mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, kutoka dirishani. Mama alifariki mwaka uliofuata. Hakuna anayeisikiliza Zombie leo bila kukumbuka hayo.

Expensive Shit upande A unasimulia kisa cha polisi waliomweka Fela ndani wakingoja atoe choo ili wapate ushahidi wa bangi. Ni kejeli tupu. Upande B ndio ninaokupeleka: Water No Get Enemy. Wimbo unatembea bila haraka, tarumbeta na saksafoni zinasema sentensi moja ndefu inayorudi na kurudi, na Fela anaeleza jambo ambalo mtu yeyote analielewa: maji hayana adui, ya kuoga ni hayohayo, ya kupikia ni hayohayo, na hata yakimuua mwanao bado utayatumia. Umejengwa juu ya methali ya Kiyoruba, na una utulivu ambao Zombie haina.

Ukitaka Fela mpiganaji, Zombie. Ukitaka kuelewa kwa nini watu wanakaa na wimbo wa dakika kumi na moja bila kuchoka, anza na Water No Get Enemy.

Catch a Fire (1973) na Exodus (1977)

Mashabiki wa rege watanikemea hapa, maana wengi wao huishika Catch a Fire. Ndiyo iliyowapeleka Wailers, bendi ya Bob Marley, kwenye soko la dunia, Bob, Peter Tosh na Bunny Wailer wakiwa bado pamoja, na Tosh ametoa 400 Years, ambayo ni nzito kuliko umri wake. Lakini Chris Blackwell wa kampuni ya rekodi ya Island alichukua kanda za Jamaika akaziongezea gitaa la Wayne Perkins na vinanda vya John "Rabbit" Bundrick kule London, ili wapenzi wa roki wasishtuke. Solo ya Perkins ndani ya Concrete Jungle ni nzuri, sikatai. Bado nikiisikia naona imewekwa kwa ajili ya mgeni. Mwaka 2001 lilitoka toleo la diski mbili, moja ikiwa na nyimbo kama zilivyokuwa kabla ya hayo yote, na diski hiyo ndiyo ninayoirudia.

Exodus ilirekodiwa London baada ya watu wenye silaha kuvamia nyumba ya Marley jijini Kingston Desemba 1976 na kumjeruhi. Jarida la Time liliitangaza kuwa albamu ya karne mwishoni mwa 1999, na wengi hudhani ni kwa sababu ya vibao. Vibao viko upande B. Upande A ni kitu kingine: Natural Mystic inapanda taratibu kutoka ukimyani, kana kwamba ilikuwa ikipigwa kabla hujafika, kisha nyimbo zinafuatana, kila moja nzito kuliko iliyotangulia, mpaka Exodus yenyewe inayosonga zaidi ya dakika saba, besi ya Aston Barrett na drams za nduguye Carlton zikiusukuma umati usioonekana.

Sasa hesabu. Legend ya 1984 ina nyimbo 14, tano kati yake ni za Exodus, na nne kati ya hizo tano zimetoka upande B. Maana yake kama una Legend, upande B wa Exodus unao tayari karibu wote. Usichonacho ni Natural Mystic, So Much Things to Say, Guiltiness na The Heathen, kwa mpangilio huo, zikikupeleka kwenye wimbo wa tano. Nunua Exodus kwa ajili ya hizo.